Kabla Hujalipia Ngoma Takatifu Diani, Muulize Bibi Yako Kuhusu Kayamba

Kuna tangazo limebandikwa Diani, upande ule wa barabara ambako kikombe kimoja cha kahawa ni bei ya pakiti mbili za unga. Limeandikwa kwa Kiingereza lakini nitawatafsiria: ngoma takatifu ya wanawake, siku tatu, rudi kwenye asili yako. Pembeni kuna picha ya mwanamke kafumba macho, mikono juu, jua linazama. Na hiyo asili wameitaja kabisa: Misri, Ugiriki, India. Basi. Yaani umekuja Kwale, umekodi nyumba Kwale, anayekupigia ngoma ni kijana wa Ukunda, halafu asili ya ngoma takatifu ya mwanamke iko Ugiriki.

Sina neno na wanaolipia. Wakicheza wakapoa roho, sawa, na pesa ikibaki Ukunda ni sawa zaidi. Neno langu ni kwa historia. Manake chini ya saa moja kwa matatu kutoka hapo kwenye tangazo, ukishuka Msambweni ukaingia ndani, kuna kina mama ambao wanakesha wakicheza ngoma ya kuongea na pepo, na hiyo hatuiiti takatifu. Tunaiita ushamba. Tukiwa na hasira tunaiita uchawi. Mgeni akifumba macho akatikisika Diani, anapona. Mama wa Kikoneni akifumba macho akatikisika, ana shetani.

Leo tuongee hiyo historia, ya huko na ya huku. Ni ndefu kidogo, tafuta chaji.

Nianze na huko kwao, manake si uongo kwamba ni ya kale. Misri ya zamani kulikuwa na mungu wa kike anaitwa Hathor, wa furaha, muziki na mapenzi, na wanawake wa hekalu lake walimchezea wakitikisa njuga ya shaba yenye mkono, inalia kama matete yakipigwa na upepo. Lakini hawakuwa wanajiburudisha. Hathor akikasirika alikuwa hatari, na ile sauti ilikuwa ya kumtuliza asije akaangamiza watu. Ilikuwa kazi, tena kazi ya kuokoa nchi nzima.

Kwenye Biblia, Kutoka 15:20, Miriamu anachukua tari na wanawake wote wanatoka nyuma yake wakicheza. Anaitwa nabii hapo hapo kwenye huo mstari, na jeshi la Farao limetoka tu kuzama baharini. Ile ni ngoma ya ushindi wa vita.

Na hao Wagiriki? Kuna tamthilia ya Euripides, ilichezwa mara ya kwanza Athens mwaka 405 kabla ya Kristo. Wanawake wa mji wa Thebes wanaacha nyumba zao na kwenda mlimani kumchezea mungu Dionysus. Mfalme kijana anaitwa Pentheus anasema huu ni upuuzi, wakamatwe. Mwishoni wanawake wanamrarua kwa mikono mitupu, na anayeongoza ni mamake mzazi. Hiyo ndiyo Ugiriki inayotajwa kwenye tangazo la siku tatu na chakula cha mchana. Tena angalia: tamthilia iliandikwa na mwanaume na waigizaji wote walikuwa wanaume. Hakuna aliyewauliza wale wanawake walikuwa wanatafuta nini kule mlimani. Liweke hilo kichwani, nitalirudia.

Sasa turudi nyumbani.

Neno ngoma lenyewe ni ushahidi. Kwetu ngoma ni kile chombo, ni ule mchezo, na pia ni ile shughuli yenyewe, ndiyo maana mtu anaweza kukwambia leo kuna ngoma kwa fulani na ukaelewa kwamba kuna mgonjwa. Sasa neno hili si letu peke yetu. Wataalamu wa lugha wanalipata kwenye lugha za Kibantu kutoka pande za Kongo hadi Afrika Kusini, na wanasema lilikuwako kwenye lugha mama, kabla watu hawajatawanyika, hiyo ni zaidi ya miaka 3,000. John Janzen, mtafiti wa Marekani, alizunguka Kinshasa, Dar es Salaam, Swaziland na Cape Town, akatoa kitabu mwaka 1992 kinachoitwa tu Ngoma. Hoja yake ni kwamba kote huko, ngoma ni jina la njia moja pana ya kuponya: mtu anaumwa, anaimbiwa, anacheza, na akipona anaingia kwenye kundi la walioponywa na yeye anaponya wengine.

Au chukua neno pepo. Pepo, upepo, peponi. Kitu kisichoonekana kinachokuingia, hewa inayopita, na mahali unapotaka kwenda ukifa. Waliounda lugha hii hawakuona pepo kama takataka. Hiyo tafsiri ya pepo ni shetani na shetani ni mbaya ilikuja baadaye, ikiletwa na dini zote mbili. Na mimi ni Mwislamu, sisemi haya kwa kumkejeli ustadhi wa mtu. Nasema tu mpangilio wa miaka.

Sasa kayamba. Kama wewe ni wa Nairobi, kayamba umeiona kwaya ya kanisa wakiitikisa: kitu bapa kama trei, kimetengenezwa kwa matete yaliyofungwa safu mbili, ndani mna mbegu kavu. Huku Kwale, kwa Wadigo na Waduruma, kayamba ni hicho chombo lakini pia ni jina la usiku mzima wa uponyaji. Ukisikia mtu anapigiwa kayamba, si burudani.

Inaenda hivi. Mtu anaumwa, hospitali ameenda, haeleweki. Mara nyingi ni mwanamke. Mganga anatazamia na kusema huyu ana pepo. Familia inajipanga, siku inawekwa. Usiku anakalishwa kwenye mkeka, anafunikwa kitambaa, anafukizwa, anaogeshwa vuo, yale maji ya majani. Kayamba zinaanza. Kila pepo ana nyimbo zake, kwa hiyo wanaimba za huyu, wakiona kimya wanaingia za yule. Wanaweza kuzunguka hivyo saa nyingi. Halafu wimbo mmoja unagonga. Bega linaanza, shingo inafuata, anainuka. Pepo amepanda kichwani. Na namna anavyocheza ndiyo kitambulisho cha pepo: wa kimasai atarukaruka na kutaka nyama, wa kiarabu atakuwa na adabu zake, atataka marashi na nguo nyeupe.

Akishapanda anaulizwa: wewe ni nani? Umetoka wapi? Unamtakia nini huyu mwanamke? Naye anajibu, mbele ya mume, mbele ya mashemeji, mbele ya majirani. Nataka kitambaa. Nataka pete. Nataka huyu asipigwe. Watu wanajadiliana naye kama unavyojadiliana na mgeni mkubwa. Wakikubaliana, pepo anatulia, na mara nyingi hafukuzwi. Anabaki na yule mwanamke kwa masharti. Baada ya miaka huyo huyo mgonjwa anaweza kuwa mganga.

Hebu pumzika kidogo ufikirie hao pepo ni kina nani. Mwarabu. Mmasai. Mpemba. Hizo si roho za hewani tu, hiyo ni orodha ya kila mtu aliyewahi kuja pwani hii akiwa na upanga, mkuki, mashua au biashara. Gazi, hapo kabla ya Msambweni, ndiko alikokaa Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza 1895 na mwaka uliofuata akakimbilia upande wa Wajerumani. Shimoni kuna mapango ambamo watumwa walifungiwa. Wamasai walishuka wakivamia ng'ombe. Vitabu vya shule vina mistari mitatu ya haya yote. Lakini kayamba ina mwili wa mwanamke wa Kidigo ambaye hajawahi kumiliki hata jambia, anaongea kwa sauti ya Mwarabu mwenye amri, na wanaume wameinamisha vichwa wanamsikiliza.

Zanzibar wana kitu cha jinsi hiyo kinaitwa kibuki, pepo wa kutoka Bukini, yaani Madagascar. Ni Wakristo hao, na wanataka brandi. Kwenye kisiwa cha Waislamu. Tena wanaowachezea wengi ni wanawake. Linda Giles, aliyefanya utafiti pwani ya Kenya na Tanzania, anawaona pepo kama namna pwani inavyojieleza yenyewe, nani alikuja, nani tulichanganyika naye, nani tunamwogopa. Ukitaka maktaba ya watu ambao hawakupewa kalamu, hiyo hapo.

Sasa kuna ugomvi wa wasomi ambao lazima niwape, manake unaihusu Kwale moja kwa moja. Mwaka 1971 I. M. Lewis alitoa kitabu akisema, kwa ufupi sana, kwamba wanawake hupandwa na pepo kwa sababu hawana njia nyingine ya kudai, ni vita vya chini kwa chini dhidi ya waume zao. Kisha 1975 Roger Gomm akaandika makala kuhusu pwani ya kusini ya Kenya, kuhusu Wadigo hasa, na jina la makala yake ukilitafsiri ni kama kujadiliana bei ukiwa mnyonge. Kwamba mwanamke hawezi kumwambia mumewe ninunulie nguo, lakini pepo anaweza. Mume anajua, mke anajua, kila mtu anajua, lakini inabidi pepo apewe. Na Gomm anaongeza ukali: mwisho wa siku, mwanamke anapata kitambaa lakini bado anaonekana kiumbe dhaifu ambaye roho zinamwingia ovyo.

Giles akaja 1987 akasema ngojeni. Aliowaona yeye kwenye vikundi vya pepo hawakuwa wanyonge tu. Walikuwako wanawake wenye heshima zao, wenye ukoo, hata wanaume. Ukisema yote ni njama ya kupata nguo umewatukana.

Nilimsomea bibi yangu hii ya Gomm, nikitafsiri nikienda. Yeye ni mzaliwa wa huku Msambweni, na dadake mkubwa alikuwa na pepo wa kiarabu aliyedai nguo nyeupe na marashi hadi mume akauza mbuzi wawili. Nikamuuliza, sasa bibi, alikuwa pepo kweli au alitaka nguo? Akaniangalia vile wananiangaliaga. Akasema, "Mke mwenzangu, hilo ni swali la mtu ambaye hajawahi kunyimwa nguo." Halafu akaniuliza kwani pepo na nguo vinagombana wapi.

Mimi msimamo wangu uko hapo kwa bibi. Gomm aliona kitu cha kweli, lakini alikiona kama ujanja na kuachia hapo. Fikiria kikao cha ukoo. Nani anaruhusiwa kukiitisha? Wazee, wajomba, mume. Kayamba ni kikao kilichoitishwa na mtu asiyeweza kukiitisha, kinakaa usiku kucha, kinagharamiwa na waliomkosea, na mwisho wake kuna masharti mashahidi wameyasikia. Kama hicho si kitu kitakatifu, sijui takatifu ni nini. Hao wa Misri nao walikuwa wanatuliza hasira kwa njuga. Tofauti ni kwamba huku hasira ilikuwa ya mwanamke wa nyumba ya pili.

Na haikuishia nyumbani. Nenda kaskazini kidogo, kwa ndugu zetu Wagiriama, mwaka 1913. Serikali ya kikoloni inataka kodi ya nyumba na inataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Afisa anaitwa Arthur Champion ametumwa kuwasukuma. Mekatilili wa Menza, mama mtu mzima, anazunguka vijijini. Hana cheo chochote. Alichonacho ni kifudu.

Kifudu ni ngoma ya mazishi. Haichezwi ovyo, inachezwa watu wakiwa wamefiwa. Sasa mama huyu anaingia kijijini akicheza ngoma ya msiba na hakuna maiti. Fikiria unasikia hiyo ukiwa ndani ya nyumba. Lazima utoke uulize nani amekufa. Na ukitoka unamkuta na umati, anakwambia kinachokufa ni nini. Mimi nasoma hivyo, na kadiri ninavyoifikiria ndivyo naona ilikuwa akili kubwa. Watu walimfuata hadi Kaya Fungo, na hapo viapo viwili vikaliwa, mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume, kwamba hakuna atakayewatumikia wazungu.

Oktoba 1913 akakamatwa, yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Mamia ya kilomita, msituni. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Soma tena hapo: wakalipua msitu. Hawakuwa wanapigana na jeshi lenye ngome. Walielewa, kuliko sisi tunavyoelewa leo, kwamba nguvu ilikuwa mahali watu wanapoapa na wanapocheza.

Shuleni tunafundishwa Mekatilili kama shujaa wa kupinga ukoloni, na ni kweli. Lakini ngoma inatajwa kama pambo, eti alikuwa pia mchezaji hodari. Hapana bana. Ngoma ndiyo ilikuwa mtandao wake. Ukiitoa, unabaki na mama mmoja anayepiga kelele.

Mwaka 1925 ikaja sheria ya uchawi, ambayo hadi leo iko kwenye vitabu vya sheria za Kenya, Sura ya 67. Cha ajabu haielezi uchawi ni nini hasa. Sasa sheria isiyosema inakataza nini inakuwa kamba ndefu: mganga wa kayamba, mzee wa kaya, mama anayetazamia, wote wanaingia, pamoja na mtu aliyemwekea jirani sumu. Kabla ya hapo lugha zetu zilitofautisha vizuri kabisa. Mganga ni mmoja, mchawi ni mwingine, na mganga kazi yake ilikuwa kupambana na mchawi. Sisi tumezikunja zote kuwa neno moja na hilo neno tunamtupia mtu yeyote mwenye mvi.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa sababu kuna watu wanakufa. Kilifi na huku Kwale, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine na watoto wao wenyewe, na mara nyingi nyuma ya hadithi kuna shamba. Kuna wazee wanapaka nywele rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Kilifi kuna wazee wamehama miji yao wakatafuta hifadhi. Kwa hiyo unapoweka video ya mama anacheza kayamba na ukaandika juu yake mchawi kanaswa laivu, ukaongeza vikaragosi vya kucheka, hujafanya kontenti. Umempa mtu sababu. Nimeona hizo video, zina maelfu ya watazamaji, na nyingi zimechukuliwa na watu wa rika letu.

Halafu huyo huyo kijana wikendi anaenda kupiga ngoma kwenye kambi ya Diani, midundo ile ile aliyoisikia kwa bibi yake, na anailipiwa.

Haya yalishatokea India, na ndiyo maana nimesema msilisahau lile la Wagiriki kutoulizwa. Kusini mwa India kulikuwa na wanawake wanaoitwa devadasi, waliowekwa wakfu kwa hekalu tangu wakiwa wasichana, na kazi yao ilikuwa kumchezea mungu. Wakaja Waingereza, wakaja wanaharakati wa Kihindi wenyewe, wakasema hawa ni malaya. Na si kwamba hakukuwa na dhuluma, ilikuwako, wasichana wadogo walitolewa bila kuulizwa. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku. Lakini miaka hiyo hiyo, ngoma yao ilikuwa inachukuliwa na watu wa tabaka la juu, inasafishwa, inapewa jina Bharatanatyam. Rukmini Devi Arundale alianzisha chuo chake, Kalakshetra, mwaka 1936. Leo ni fahari ya taifa, watoto wa matajiri wanalipiwa karo wajifunze. Familia za wale waliokuwa wakiicheza hekaluni zilibaki na aibu. Ngoma ilipanda cheo, wenyewe wakaachwa chini.

Ukiangalia Diani vizuri unaona mwanzo wa hiyo picha. Hotelini kuna vikundi vinacheza sengenya na vinginevyo baada ya chakula cha jioni, dakika ishirini, watalii wanapiga makofi. Hilo sina tatizo nalo sana, sengenya ni ya furaha tangu zamani. Lakini kayamba ikiingia kwenye programu ya hoteli, itaingia bila yule mwanamke, bila mume wake, bila lile swali la unataka nini. Itabaki mtikisiko tu. Na mtikisiko ndio huo unauzwa siku tatu na chakula cha mchana.

Kuna waliojaribu kulinda bila kuuza roho. Kaya Kinondo, hapo hapo Diani ukielekea kusini, inapokea wageni, lakini unaingia na mwongozo wa pale, unafungwa kaniki kiunoni, na kuna sehemu huendi. Misitu ya kaya iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mila zenyewe zikaingia mwaka uliofuata kwenye orodha ya vinavyohitaji kuokolewa haraka. Majirani zetu Wataita, ngoma yao ya kiroho, Mwazindika, iliingia orodha hiyo ya haraka mwaka 2024. Orodha ni nzuri. Ila orodha haiwezi kumlinda mama wa Kinango dhidi ya mpwa wake mwenye panga na macho kwenye shamba.

Najua komenti zitakazokuja. Mtaniambia ni shirki. Kama imani yako inakuambia usiende, usiende, mimi pia siendi kupigiwa kayamba. Bibi yangu mwenyewe anaswali swala tano na hajaona sababu ya kumkana dadake. Mwingine ataniambia mtu anaumwa kifafa mnamkesha na matete, mpelekeni hospitali. Kweli kabisa, mpelekeni, tena mapema. Lakini msiniambie kwamba kwa sababu kayamba haitibu kifafa basi haikuwahi kuwa na maana. Kuna maumivu ambayo daktari wa zamu, akiwa na wagonjwa sitini kwenye foleni, hana dakika ya kuyauliza, na mojawapo ni hili: nani anakutesa nyumbani?

Kwa hiyo, kama una bibi na bado yuko, wacha hilo tangazo. Usimuulize unaamini mapepo, swali hilo litamfunga mdomo, atadhani unataka kumpeleka kwa sheikh au kwa pasta. Muulize vitu vidogo. Nani kwenu alipigiwa kayamba? Pepo alikuwa wa wapi? Alitaka kitambaa cha rangi gani? Nani alinunua, na alinunua kwa kuuza nini? Yule mama alikuwa vipi kabla, na alikuwa vipi baada ya hapo? Na je, wanaume walikaa upande gani?

Akikubali, rekodi. Akikataa, weka simu mfukoni umsikilize tu. Wangu alikubali sauti, uso akakataa. Nina saa mbili na dakika arobaini, zaidi ya nusu ni Kidigo, na kuna sehemu mbili ambapo aliniambia hapa zima. Nikimaliza kuiandika yote nitamsomea kwanza. Zile ambazo atasema sawa, nitaziweka hapa.